Noreen wa Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 7 Oktoba 1991

Leo mwalimu wetu, Bi. Fontaine, katugawia kitabu. Sisi watatu tu wa benchi la nyuma: mimi, Jerg na Katarina, tunaotimiza miaka kumi na tano mwaka huu na kuiaga shule. Kinaitwa Ghorofa ya Saba. Riwaya! Eti kila mmoja akisome, kisha aandike ukurasa mmoja kueleza kilivyomgusa. "Mtajiona humo," kasema, anatabasamu kama mtu aliyetuletea keki.

Mtajiona! Sijawahi kujiona kwenye kitabu chochote, na wala sina haja. Nyumbani kwetu kuna kioo kimoja, kidogo kama kisahani, na kimetundikwa juu kwa ajili ya Baba. Nikitaka kujiona naruka.

Nimesoma kurasa za mwanzo chini ya dawati wakati wa hesabu. Noreen ana miaka kumi na mitatu, anakaa Winnipeg, ghorofa ya saba, na mama yake anayefanya kazi hospitali usiku. Anajisimulia mwenyewe, mimi-mimi-mimi kutoka mstari wa kwanza. Analia kwa sababu chumba chake ni kidogo. Chumba chake! Peke yake! Mimi nalala kitanda kimoja na mdogo wangu Miriam, ana miaka kumi na miwili na magoti kama nyundo. Aje huku huyo Noreen. Tumpe wiki moja ya kumenya viazi vya jumuiya yetu nzima ya waumini, tunaokula jiko moja, tuone kama machozi ya chumba yatabaki.

Jerg kasema hana haja ya kusoma, maana Noreen ni mimi mtupu kwa kununa. Huyu ni binamu yangu, kwa hiyo naruhusiwa kumpiga na rula. Nimempiga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nakichukia kitabu hiki. Nimefika ukurasa wa sitini.

Noreen akiambiwa neno asilolipenda, ananyamaza. Halafu anajibu kichwani. Majibu marefu, makali, yenye nukta na mkato. Anabishana na watu wiki nzima na wenyewe hawana habari.

Hiyo ni yangu! Nani kamwambia huyo mwandishi? Nimeona kama mtu kaingia kitandani kwetu, kalala katikati yangu na Miriam.

Lakini kubwa la leo si hilo. Bi. Fontaine kazungumza na Mhubiri. Anataka niendelee na darasa la kumi kwa masomo ya posta, jioni, baada ya kazi. Hapa kwetu msichana akitimiza kumi na tano na kuhamia bwalo la chakula la wakubwa, shule basi. Hajawahi kutokea hata mmoja! Wanaume waliobatizwa watapiga kura baada ya siku yangu ya kuzaliwa, tarehe 29. Mhubiri kasema hakatai wala hakubali, watatazama kwanza mwenendo wangu.

Mwenendo. Kwa kichwa hiki!

Nalitaka darasa la kumi mpaka meno yananiuma. Nataka kemia. Nataka mtu aniulize swali ambalo jibu lake si "ndoo tatu." Kwa hiyo nimekata kauli: mpaka tarehe 29 mimi ni malaika. Nimeanza wakati wa chakula cha jioni. Jerg kanitolea ulimi mezani, nami nikamsogezea chumvi kwa upole hadi akaogopa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sura ya tano.

Noreen yuko shuleni. Anaona damu. Hajui ni nini. Hakuna aliyemwambia. Anajificha chini ya ngazi, amekaa juu ya koti lake, anangoja kufa. Anawaza nani atamlisha ndege wake.

Nimekifunga kitabu. Nikatoka nje bila kitambaa kichwani. Nikarudi.

Mimi ilikuwa ghala la viazi, mwaka jana, mwezi wa tatu. Nilikaa kwenye kreti. Nikamwomba Mungu anisamehe yale majibu yote ya kichwani. Nikamuaga paka. Nilipopata nguvu ya kwenda kwa Mama, alitoa vitambaa kwenye kabati la juu, akavikunja upya ingawa vilikuwa vimeshakunjwa, akasema: "Sasa nyamaza." Basi! Hayo ndiyo mafunzo yangu yote. Yaliyobaki nimeokota mwenyewe, nusu kwa kubahatisha.

Na hapa kwetu kila mtu, hadi mtoto wa miaka sita, anajua nguruwe gani anataka dume na siku gani. Wanaume wanalijadili hilo huku wanakula supu! Nguruwe wana chati ukutani, yenye rangi. Sisi tuna "nyamaza."

Nilidhani ni mimi tu. Mwaka mzima na nusu nimedhani ni mimi tu niliyekuwa mjinga kiasi hicho. Nina hasira hadi kalamu imetoboa karatasi, ona.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku ya kwanza ya kunyonyoa mabata bukini. Shule imefungwa mchana ili wasichana wasaidie. Kibanda kimejaa mvuke, maji ya moto, manyoya hadi puani.

Miriam hakuwepo. Nikamtafuta. Nimemkuta nyuma ya mashine za kufulia, amekunja magoti, mweupe kama jibini. Kaniambia nisimkaribie, ana ugonjwa, atatuambukiza.

Nilijua papo hapo. Nikamkalia karibu hivyo hivyo. Nikamwambia si ugonjwa, ni kuvunja ungo, wanawake wote wanapitia, hata mke wa Mhubiri. Hakuniamini! "Wewe unasema tu ili nisilie." Basi nikamsimulia Noreen. Chini ya ngazi, koti, ndege. Nilimsimulia kwa lugha yetu ya nyumbani, vile vile kama kitabuni, mimi-mimi-mimi. Miriam kanisikiliza kinywa wazi. Mwisho kauliza: "Na ndege alipona?" Nikamwambia ndege hajambo, na Noreen pia hajambo. Kaoga, kabadili nguo, tukarudi kunyonyoa.

Sasa, kibandani kuna desturi. Mtu mmoja hanyonyoi manyoya, anasoma kitabu cha wazee wetu kwa sauti ili mikono mingine isichoke. Leo ilikuwa zamu ya Katarina, na Katarina koo limemkauka. Shangazi Rebekka, mke wa Mhubiri (kwetu kila mtu mzima ni shangazi au mjomba), akasema basi atuimbie mtu. Miriam, huyu huyu wa nyuma ya mashine, akapaza sauti: "Justina atusimulie habari za Noreen wa Winnipeg!"

Wee! Nilimkanyaga mguu. Lakini wote walishanigeukia. Nikasema moyoni, malaika angekaa kimya. Halafu nikakumbuka chati ya nguruwe. Nikaanza, sura ya kwanza, na nilipofika sura ya tano sikuruka.

Kimya! Hata mabata yalinyonyolewa kimya. Nilidhani nimekwisha. Halafu bibi mzee wa pembeni, Shangazi Dorothea, ambaye hajasema neno tangu majira ya joto, akasema bila kuinua macho: "Mimi niliandika nani apewe bakuli langu."

Mmoja akacheka. Halafu mwingine. Halafu ikawa fujo! Huyu alijifunga shuka mbili, yule alikunywa siki kikombe kizima ili jambo likauke. Wanawake wazima wanafuta machozi kwa mikono yenye manyoya. Shangazi Rebekka alicheka pia, lakini hakusema lake.

Mama hakucheka. Alinyonyoa bata mmoja mpaka ngozi ikachanika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wanataka Noreen. Kabla sijafunga aproni: "Haya, yule mtoto vipi?" "Mama yake kaacha kazi ya usiku?" "Anakula nini huko juu?" Nimesimulia sura tatu. Kwenye sehemu ya wale wasichana wanaomcheka Noreen koti lake, Shangazi Dorothea kawatukana kwa jina.

Shangazi Rebekka kaniuliza mama yake Noreen ni wa kabila gani, na kama ana ndugu wa kumsaidia. Nikamwambia Mwairishi, nafikiri, na hana. Katikisa kichwa: "Peke yake na mtoto! Mji ule!"

Nimefurahi. Naandika ukweli, hapa sina wa kumdanganya. Nimefurahi kuliko siku yoyote ya shule.

Jumapili, 20 Oktoba

Mungu wangu. Mungu wangu!

Ibada ya jioni. Mhubiri kawaombea wagonjwa, kamwombea mzee aliyevunjika nyonga, kawaombea ndugu zetu wa Alberta. Halafu: "Na mtoto Noreen wa mjini, Bwana, asiye na wa kumwambia."

Nilimeza mate vibaya, nikakohoa. Upande wa wanaume nikamwona Jerg ameinama, mabega yanamruka. Anaomba? Thubutu! Alikuwa anakufa kwa kicheko. Tulipotoka kanivizia kwenye kona ya bwalo: "Justina! Mmemwombea mtu wa karatasi!"

Nikamwambia anyamaze. Nikaenda nikakaa peke yangu nifikiri.

Kwetu, hadithi inayosemwa mbele za watu ni ya mtu aliyekuwepo. Tangu utotoni ni hivyo. Wazee wetu waliofungwa, waliotupwa mtoni wakiwa hai, kila mmoja na jina lake na mwaka wake. Hakuna aliyewahi kukaa katika kibanda kile akasimulia mtu asiyekuwepo. Kwa nini asimulie? Mimi nimekuwa wa kwanza, na sikujua kwamba ninafanya hivyo. Sikusema Noreen yupo. Sikusema hayupo. Hakuna aliyeniuliza!

Kesho nitasema.

Jumanne, 22 Oktoba

Sijasema.

Nilikwenda kwa Shangazi Rebekka jana na maneno yote tayari. Nikakuta kreti la mbao mezani. Ndani: soksi jozi nne, sabuni, tambi kavu, jamu ya boga; na bata mzima aliyegandishwa bado anangoja kwenye friza. Na mto! Mto mpya wa manyoya ya kifuani, yale laini wanayowekewa maharusi. Wanawake watano walikuwa wanaushona pembeni. Lori linakwenda Winnipeg Jumatatu, kasema Shangazi Rebekka, na anwani ni ipi? Nikasema: "Ghorofa ya saba, Shangazi." Si uongo! Halafu nikakimbia kama mwizi.

Leo nimemwambia Mama. Alikuwa anakata tambi. Nimesema yote kwa pumzi moja: Noreen ni wa kitabu, kaandikwa, hayupo.

Mama hakusimamisha kisu. Akauliza: "Na yule mama yake asiyesema kitu. Naye kaandikwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulikuwa lazima umsimulie mbele ya watu? Mbele yangu?"

Nilimwambia sikumsema yeye. Akasema watu wote wa kibandani wana macho. Nikamwambia basi kama linamuuma ni kwa sababu ni kweli! Limenitoka. Majibu yangu yote hukaa kichwani, hili likatoka.

Kaweka kisu chini. Nilidhani atanizaba kofi. Kafuta unga mezani, pole pole, mpaka mwisho wa meza, akasema: "Usimwambie Rebekka mpaka mto uishe kushonwa." Akaendelea kukata tambi. Simwelewi mama huyu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Imefumuka.

Mhubiri mwenyewe alikwenda shuleni kuuliza anwani kamili. Bi. Fontaine akacheka, maskini, alidhani ni mzaha, akamwonyesha kitabu. Jina la mwandishi juu. Picha ya ngazi.

Niliitwa nyumbani kwake saa ya chai. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikuwa amekaa, masikio mekundu, mikono juu ya magoti.

"Huyu mtoto yuko wapi, Justina?"

"Kitabuni, Mjomba."

"Nimempelekea Mungu jina lake. Mbele ya watu wote. Nimemwombea na nyumbani pia, kila siku, kwa sababu nilimwonea huruma." Akainua macho. "Ukaniacha niombe."

Nikamwambia sikusema yupo. Akauliza kama nilisema hayupo. Nikasema sikuulizwa. Akaniambia mtu anayengoja kuulizwa ili aseme ukweli ameshachagua. Sikuwa na jibu. Hata kichwani sikuwa nalo! Hilo limenikera kuliko yote.

Kisha hukumu. Jumanne, siku yangu ya kuzaliwa, nikishakula mara ya kwanza na wakubwa, nitasimama niseme mbele ya wote: Noreen ni uongo, na yote niliyosimulia ni uongo, na ninaomba radhi. Nikisema, yeye mwenyewe atanitetea kwenye kura. Nisiposema, hakuna kura.

Nikauliza: "Yote, Mjomba? Hata ya chini ya ngazi?"

"Hayo hasa. Si maneno ya kusimuliwa."

Kwa hiyo kosa si kwamba hayupo! Angekuwa kazuliwa anachunga mbuzi angepita. Kosa ni kile alichosema.

Jumapili, 27 Oktoba

Kila mtu ana ushauri.

Jerg: sema tu, ni maneno, yanapita hewani kama moshi. Wewe ni mjinga kuliko kondoo, Justina, watu wanakuuzia shule kwa sentensi moja na unataka punguzo. Nikamwambia yeye bado hata kitabu hajamaliza. Kasema amemaliza, mara mbili, halafu akaona haya akaondoka. Kumbe!

Bi. Fontaine alinikuta Ijumaa jioni kabla ya kurudi mjini. Kanishika mabega: "Sema anachotaka. Noreen hatajali, amini. Darasa la kumi ni lako la kweli." Yeye aliyeniambia nitajiona humo! Sasa nimejiona, ananiambia nijikane.

Na Miriam. Huyu ndiye kaniua. Kitandani kaniuliza: "Hayupo kweli?" Nikasema hayupo. Kavuta blanketi. Halafu: "Lakini alisema maneno yangu. Kabla mimi sijayasema." Kisha kalia, na magoti yake yote mawili mbavuni mwangu.

Nikisimama Jumanne nikasema ni uongo, namwambia huyu kwamba aliyoyaona nyuma ya mashine ni uongo. Na Shangazi Dorothea na bakuli lake. Na mimi na paka.

Lakini nalitaka darasa la kumi! Nalitaka, nalitaka. Sijifanyi shujaa. Nimejaribu kuisema ile sentensi ghalani, kwa sauti, niizoee. Nimeisema hadi nusu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Lori limekwenda Winnipeg bila kreti. Kreti liko kibarazani kwa Shangazi Rebekka, limefunikwa turubai. Nilipopita alikuwa anatoa theluji juu yake na ufagio. Hakuniita. Kaniangalia tu, akaendelea kufagia.

Mama kanipigia pasi kitambaa kipya na aproni nyeusi ya wakubwa. Hajasema lolote kuhusu kesho. Nilimuuliza: nifanye nini, Mama? Kasema pasi imepoa.

Jumanne, 29 Oktoba

Naandika jikoni, nimekaa juu ya gunia la unga, upesi upesi.

Asubuhi walinipa vitu vyangu vya ukubwa: jembe, mti wa kusukumia unga, ndoo, brashi ya rangi, sindano za kufumia, na sanduku lenye kufuli. Mchana nikaingia bwalo la wakubwa. Wanaume kulia, wanawake kushoto, umri kwa umri. Mimi mwisho kabisa wa benchi, nusu tako hewani. Supu ya tambi. Sikuonja kitu, ingawa nilimeza.

Mhubiri siku zote hali bwaloni, hula kwake na wazee. Leo aliingia baada ya sala ya mwisho, akasimama penye mlango. "Justina ana neno."

Nikasimama. Nilikuwa na maneno ya aina mbili kichwani na mpaka nafungua kinywa sikujua yapi yatatoka.

Nikasema: "Noreen hayupo Winnipeg. Hana anwani. Mtu kamwandika kitabuni. Nilipaswa kuwaambia mlipoanza kushona mto, nikanyamaza. Kwa hilo naomba radhi, Shangazi Rebekka, na kwako Mjomba, kwa ajili ya yale maombi."

"Na?"

"Basi."

"Limebaki neno moja."

"Hilo silisemi, Mjomba. Alichokisema si uongo."

Hakukasirika. Kasema kwa sauti ya chini, karibu kunibembeleza: "Justina. Darasa la kumi."

"Najua," nikasema. Sauti ikapasuka katikati, mbele ya wanaume wote, mbele ya Jerg. Nimeichukia sauti hiyo.

Hapo kijiko kikalia. Shangazi Rebekka.

"Zacharias," kasema. Jina lake! Mbele za watu! Hata watoto wao hawajawahi kumsikia akilitaja. "Hayupo, nimesikia. Basi aliyekaa zizi la kondoo siku nzima anangoja kufa alikuwa nani? Miaka yote hii nimedhani ni mimi."

Wanaume wote walitazama bakuli zao. Wote! Kama kuna kitu kimeandikwa humo. Shangazi Dorothea akasema, kwa sauti kavu, kwamba lake bakuli aliwahi kumwachia dada yake, na dada yake bado anamdai. Mtu akacheka, akajizuia. Mwanamke mmoja akasimama. Mwingine. Hawakusema kitu, walisimama tu.

Mama alikuwa wa mwisho. Alishika meza kwanza. Hakunitazama mimi, alimtazama Mhubiri.

"Mimi sikuambiwa," kasema. "Nami sikusema. Huyu nilimpa vitambaa nikamwambia anyamaze. Mdogo wake nisingempa hata neno hilo, dada yake ndiye aliyemkuta. Kama kuna mtu wa kuomba radhi hapa ni mimi. Na si kwako."

Mungu wangu, Mama.

Mhubiri akatazama benchi za wanaume. Masikio mekundu tena. Halafu akasema wanaume watapiga kura sasa hivi, leo leo, na liwe limekwisha. Viti vikaburutwa. Wameingia chumba cha pili, ukuta huu hapa nyuma ya mgongo wangu. Nasikia jina langu na jina la Baba. Sisikii zaidi.

Sisi wanawake tumekuja jikoni. Nilishika vyombo, ndiyo kazi ya aliye mdogo. Shangazi Rebekka kaninyang'anya sahani. Kafunga mlango kwa komeo, kavuta kiti: "Mwisho wake inakuwaje? Mama yake anakuja kumwambia au hamwambii?" Nikasema kitabu kiko sandukuni kwangu. Miriam, aliyejipenyeza ingawa hana ruhusa hata ya kukanyaga jikoni kwa wakubwa, kachukua ufunguo mkononi mwangu akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika haya.

Wamegonga. Jerg. Katumwa. Eti wanaume wamekaa, lakini hawawezi kuanza, hakuna kahawa. Shangazi Rebekka kamjibu kupitia ubao wa mlango kwamba kahawa ipo na vikombe viko pale pale vilipokuwa jana. Hatua za Jerg zimerudi pole pole.

Miriam amefika, theluji mabegani. Mama kajisogeza kwenye benchi, si mwishoni bali katikati, kaacha nafasi ya mtu mmoja. "Kiingereza changu ni cha kununulia vitambaa tu," kaniambia. "Utufasirie. Anza pale mama yake anaporudi kutoka kazini."

Wanagonga tena. Safari hii si Jerg, ni ngumi ya mtu mzima. Nilitaka kuinuka. Mama kanishika goti, na hajaliachia.